Mdhamini wa Msandali

Mimi mbaazi naijua kwenye sufuria. Karani aliijua kama polisi anavyomjua mshukiwa. Alikuwa akiinama mbele ya mche wa mbaazi, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, mikono nyuma, anauliza kwa sauti ya kortini: "Unaishi wapi? Una mali gani inayoshikika? Umewahi kumdhamini mwingine akakimbia?" Halafu ananyamaza, anasubiri jibu. Nami niko nyuma yake na ndoo ya maji, nimeshika mbavu kwa kicheko.

Tulimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi iliyomzeesha. Alikuwa karani mkalimani wa mahakama. Mtu akisimama kizimbani hajui lugha ila Kikamba, Karani anasimama kando yake, anayachukua maneno yake na kuyaweka mbele ya hakimu kwa Kiswahili, kisha anayachukua ya hakimu na kumrudishia. Alipostaafu alikuja kwenye kitalu changu hapa Makongeni, Nairobi, kando ya ukuta wa reli, akaniomba kona.

"Kona ya nini, mzee?"

"Ya kulea miti migumu."

Nilimpa kona ya nyuma karibu na tangi la maji, nikijua atachoka baada ya mwezi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilimpa siku ileile. Alikaa miaka saba.

Niseme na yangu, msije mkadhani mimi ni malaika. Mimi ni binti wa fundi wa reli kutoka upande wa Kakamega, nimezaliwa kwenye nyumba hizi hizi, nauza maua na miche ya matunda, na mdomo wangu hauna breki. Kitalu changu ni kisafi. Ukiona gugu hata moja kwenye mfuko wangu wa udongo, jua niko hospitalini. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu usafi wangu ndio uliokuja kuniaibisha.

Mti wenyewe uliomleta Karani ni msandali. Ni mti wa harufu nzuri, ule ambao watu huung'oa na mizizi yake yote kwa sababu manukato yenyewe yako chini, na ndiyo maana siku hizi serikali inaulinda. Lakini msandali una tabia moja: hauwezi kujilisha peke yake. Mizizi yake huenda ikatafuta mizizi ya jirani, ikashikamana nayo, ikanyonya humo. Ukiupanda peke yake kwenye mkebe utaota vizuri tu, utatoa majani manne, matano, utakufanya ujione fundi. Halafu utaanza kuwa njano, na utakufa hata ukiumwagilia machozi. Kwa hivyo kila mche lazima upewe mmea mwingine wa kuishi nao mkebe mmoja. Mmea huo ndio Karani aliouita mdhamini. Mche wa msandali aliuita mshtakiwa.

"Mshtakiwa hatoki rumande bila mdhamini," alikuwa akiniambia, "na mdhamini hachaguliwi kwa sura, Mama Rehema."

Kuchagua huko kulimla miaka. Alianza na kunde, kwa kuwa kila mtu alimwambia kunde. Kunde ilipanda juu ya misandali ikaizungushia kamba, ikaifunika kabisa. "Huyu ana maneno mengi," akasema, akaing'oa. Akajaribu mchicha. Mchicha ulikuwa mpole, ukatoa mbegu mapema, ukakauka na kuiacha misandali haina pa kunyonya. Huyo alimwandika kwenye daftari lake: *amekimbia*. Mvinje, ule mti wa majani kama sindano, ulifanya vizuri, na nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, kwamba miche iliyokaa na mvinje ina afya kuliko yote. Akautazama mvinje kwa muda mrefu.

"Ni mdhamini mzuri," akakubali. "Lakini hautamfaa mwenye shamba."

"Mwenye shamba gani?"

Akaenda kuosha kikombe chake, ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Alikuwa na kikombe kimoja cha bati na hakunywea kingine. Alikuwa na koti moja la kijivu ambalo hakulivua hata jua la Januari likiwaka. Nikimwambia, "Karani, utaiva humo ndani," alijibu kwamba mtu anayebeba maneno ya wenzake havai ovyo. Alifika saa mbili kamili. Mvua ikinyesha alifika saa mbili kamili akiwa amelowa. Na Sheng hakuitaka katu. Vijana wa kuosha magari pale mbele walikuwa wakimpigia kelele makusudi:

"Niaje Karani! Form ni gani leo?"

"Rudia swali kwa lugha ya mahakama," naye anawajibu bila kugeuka.

"Tunauliza, mheshimiwa, habari ya asubuhi!"

"Sasa nimesikia. Ni njema."

Wakawa wanaanguka kwa kicheko, na yeye anatabasamu ndani ya kola. Baadaye niligundua vijana wale wawili watatu walikuwa wanakuja kwake kimya kimya, mmoja mmoja, awaeleze maana ya karatasi walizopewa kortini Makadara kwa makosa yao ya barabarani. Aliwaeleza kila mstari. Hakuwahi kunitajia hata jina la mmoja wao.

Mtu huyu, ambaye angekufa kuliko kubadilisha neno la shahidi, alikuwa mwongo mkubwa pale kitaluni. Haki ya Mungu! Mteja akiuliza, "Hii miche ya huku nyuma ni ya nini?" Karani anajibu uso mkavu, "Hiyo ni dawa ya panya." Siku nyingine ni maua ya makaburini. Kuna mama mmoja wa kanisa alitaka kununua mitatu kwa ajili ya panya wake, ikabidi niingilie. Barua ya kuruhusiwa kulea misandali alikuwa nayo, imekunjwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya koti, lakini aliogopa wezi.

"Na kiapo chako, mzee?" nikamtania.

"Hapa sijaapishwa," akasema.

Habari ya mjomba alinieleza mwaka wa tatu, siku tulipokuwa tukipasua mbegu. Mbegu za msandali zina ganda gumu, na yeye alilipasua kwa koleo, taratibu, moja moja, kokwa la ndani lisiumie. Labda ni kwa vile mikono ilikuwa na kazi na macho yako chini ndiyo akaweza kusema.

Mjomba wake, ndugu wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Alimlisha, akamsomesha, akauza mbuzi ili avae viatu siku ya kuanza kazi Nairobi. "Mimi nilikulia kwenye mizizi yake," alisema. Kisha ukaja ukame, na watu wa malori wakaja na ukame, wakanunua msandali. Kilima cha kina mjomba kilikuwa kimejaa miti hiyo. Waling'oa yote. Lori lilipokamatwa likiingia Nairobi, mjomba alikuwa ndani yake, juu ya magunia ya mizizi, na asubuhi yake Karani akaingia kazini akamkuta kizimbani.

"Ningesema kwamba ni mjomba wangu, wangeleta mkalimani mwingine. Sikusema. Niliona haya. Nilikuwa na shati jeupe na watu wananiheshimu." Koleo lilikuwa limesimama. "Akasema, *nimeing'oa mimi kwa mikono yangu, watu wangu walikuwa na njaa*. Nikayatoa maneno yote kwa Kiswahili, hata lile la njaa. Sikupunguza, sikuongeza. Hakimu akauliza jambo, nikamgeukia mjomba, na mdomo wangu ukasema kama unavyosema kila siku: *mshtakiwa, unaulizwa hivi*."

Mjomba alifungwa. Alipotoka, alituma neno moja tu Nairobi: *Mwambieni asije. Aliniona kizimbani hakuniita mjomba, aliniita mshtakiwa.* Akafa bila kuongeza lingine. Mazishini Karani hakwenda. Mke wa mjomba alikuwa bado hai, peke yake na wajukuu kwenye kilima kile kisicho na miti.

"Nitaenda na misandali," akaniambia, "au sitaenda kabisa."

Basi nikajua miti migumu ni ya nani. Na nikalia, sioni haya kusema. Nililia nikamwambia ni vumbi la mbegu, akaniitikia kwamba ndiyo, mbegu hizi zina vumbi.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Mwaka uliofuata alikuwa na miche thelathini, mizuri, imefika kifundo cha mguu. Wakati huo alikuwa akijaribu mdhamini mpya, kijimmea kinachotambaa chenye majani madogo ya mviringo, alichokichimba kando ya reli. Hakuniambia. Akaenda Machakos kuzika mtu, siku nne. Mimi Jumamosi ile nikaingia kona yake, nikaona mikebe imejaa magugu, nikasema, maskini mzee wa watu, macho hayaoni tena, acha nimsaidie. Nikakaa kwenye kigoda. Nikang'oa gugu moja moja, na mizizi yake, kwa upendo. Nilikuwa naimba, jamani. Mkebe wa ishirini na tisa ulipokwisha, akaja mteja wa waridi, nikaacha mmoja.

Karani aliporudi alisimama mbele ya mikebe ile misafi, kofia mkononi. Mimi nikiwa nyuma yake nimetabasamu, nasubiri ahsante.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, mzee. Si ulikuwa na msiba?"

Alikaa kwenye kigoda changu, akachukua mkebe mmoja, akauweka mapajani. Aliponieleza kwamba yale hayakuwa magugu ila wadhamini, nilikimbilia shimo la taka kuyaokota. Tulijaribu kurudisha kile kijimmea, tukapanda mbaazi, tukapanda kila kitu, lakini mizizi ilikuwa imekatika. Wiki ya tatu miche ikaanza kuwa njano. Ishirini na tisa ilikufa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulipokufa aliuandika kwenye daftari kwa mwandiko uleule mzuri. Mbegu zingine zingepatikana mwaka mwingine, kama zingepatikana. Na mzee hakuwa anarudi ujanani.

Mche wa ishirini na tisa ulipokufa, siku mbili hakunisemesha. Mimi niliyezoea kugombana na kanjo, wale askari wa jiji, sikuweza kula. Siku ya tatu akafika saa mbili kamili, akafunga vifungo vyote vya koti, akanisimamisha mbele ya tangi.

"Mama Rehema. Umeshtakiwa kwa kuwaondoa wadhamini ishirini na tisa bila kuuliza. Unakubali au unakataa?"

"Nakubali," nikasema.

"Una la kujitetea?"

"Nilidhani nakusaidia, Karani. Walahi nilidhani nakusaidia."

Akatazama chini. "Mahakama imesikia," akasema. "Hata mimi nilidhani nafanya kazi yangu." Kisha akaubeba ule mkebe mmoja uliobaki na gugu lake, akauweka mikononi mwangu. "Hukumu ni hii. Kuanzia leo, wewe ndiye mdhamini. Nikishindwa mimi, misandali utaifikisha wewe."

Tuliilea pamoja tangu siku hiyo. Mbegu nyingine zilipatikana, na mdhamini akachaguliwa mwishowe. Karani akachagua mbaazi. Nilibishana naye, kwa kuwa mbaazi inarefuka upesi na kuutia mche kivuli. Akasema basi tutaikata ncha kila wiki, na akanionyesha: unashika ncha laini kati ya kidole gumba na cha shahada, unabinya, unaiacha itanuke pembeni. Mdhamini asimfunike anayemdhamini, akasema. Kila Jumatatu alipita mkebe kwa mkebe akibinya, vidole vinanuka mbaazi. Miche mipya kumi na minane ilisimama, mbali na ule mmoja wa hukumu yangu.

Kiharusi kilimpata mwezi mmoja kabla ya mvua. Kilimchukua mkono wa kulia na kikamchukua Kiswahili. Kiswahili chote, kile alichokipenda kuliko chakula! Alibaki na Kikamba tu. Binti yake akamhamishia kwake mtaani Lucky Summer, ghorofa ya pili, na nilipomtembelea mara ya kwanza alinitazama kwa macho ya mtu aliyesimama kizimbani. Akasema neno. Binti akatafsiri: "Anauliza, mvua iko wapi?"

Nikajua anachoniuliza. Mvua ilipoanza nilifunga kitalu, nikakodi pikapu, nikapakia miche kumi na minane na mbaazi zake, na miche ya mgunga ya kupandwa kando yake ardhini, kwa sababu mbaazi ni mdhamini wa miaka michache tu na mgunga ni wa maisha. Njia nzima ya kwenda kilimani kwa kina mjomba nilikuwa naomba Mungu. Sikuogopa barabara. Nilimwogopa yule mke wa mjomba, asije akaturudisha.

Alikuwa kikongwe mwembamba, amesimama mlangoni na fimbo. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa sekondari, ndiye aliyetukalimania. Nikasema miti hii imetoka kwa nani. Kikongwe akaja polepole kwenye pikapu, akainua mkebe mmoja hadi usoni. Hakuugusa msandali. Alishika mbaazi.

"Anauliza," msichana akasema, "kwa nini mbaazi?"

Na pale pale, mbele ya kilima kile cha mawe matupu, nikaelewa alichonificha. Mvinje hauliwi. Msandali utachukua miaka mingi kukua, na mama huyu anatakiwa kula msimu huu. Waliung'oa kwa njaa, na Karani hakutaka tena kuulinda mti kwa tumbo la mtu mwingine.

"Mwambie," nikasema, "mwenyewe alitaka muwe mnakula wakati mnangoja."

Aliambiwa. Akakaa juu ya jiwe, akalia bila sauti kwa muda, akifuta kwa ncha ya leso. Kisha akaita jembe. Tulipanda hadi jioni. Nilipotaka kuondoka nikamwomba neno la kumpelekea mgonjwa, nikaiweka simu yangu tayari kurekodi. Alisema kwa Kikamba, taratibu, machache. Msichana akafungua mdomo anitafsirie, bibi akamzuia kwa mkono. Maneno hayo ni ya mwenyewe, wakaniambia, uyabebe yalivyo.

Niliyabeba yalivyo. Jumapili nilikuwa Lucky Summer. Karani alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, koti la kijivu limetupiwa mabegani, kwa kuwa mkono hauingii tena. Nilikuwa nimebakiza mche mmoja kitaluni, ule wa hukumu yangu. Kijimmea chake cha reli kilishachoka, nami nikawa nimeupa mbaazi mahali pake. Niliuweka miguuni pake. Akauangalia. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukashuka polepole, ukaitafuta ncha ya mbaazi, ukaibinya. Nilikuwa nimesahau kuibinya wiki ile kwa ajili ya safari.

"Samahani, Karani," nikasema. Binti yake akacheka, akapangusa macho.

Ndipo nikaiweka simu mezani, nikabonyeza.

Sauti ya kikongwe ilianza. Karani alishtuka. Akajivuta akakaa wima, akaangalia mbele, pale ambapo hapakuwa na mtu ila nguo za jirani zimeanikwa. Midomo yake ikaanza kucheza. Sauti ilipofika mwisho wa sentensi ya kwanza na kupumua, yeye akapumua, na kutoka kwenye mdomo ule uliopinda kikatoka Kiswahili. Kizito, kinavutwa, lakini kila neno mahali pake.

"Shahidi... anasema... miti imefika."

Binti yake akashika mlango. Sauti ikaendelea, ikapumua.

"Shahidi anasema... imepandwa juu... alipozikwa mwenyewe."

Sentensi ya mwisho ilikuwa fupi. Simu ikanyamaza. Karani naye akanyamaza, nikadhani Kiswahili kimemwisha tena.

"Shahidi anasema nini, Karani?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Akaniangalia mimi, akamwangalia binti yake.

"Si shahidi," akasema. "Mke wa mjomba... anasema... nije."